Delbert na Sheria ya Jua

Katika miaka yote niliyoishi nyuma ya trela ya Delbert Yancey sikumwona akivunja sheria hata moja, na hilo ndilo kosa lake kubwa. Alikuwa dereva wa basi la shule mpaka alipostaafu. Kwenye alama ya kusimama alisimama kabisa, akatazama kushoto, akatazama kulia, hata asubuhi ile ya kimbunga, mji mzima umekimbia na barabarani hakuna kitu isipokuwa mapipa ya taka yanayobingirika. Mara moja tu maishani mwake askari wa uvuvi alimkuta na samaki mfupi kuliko kipimo ndani ya ndoo. Delbert alilia. Mtu mzima na masharubu yake alilia pale gatini mbele za watu, na samaki mwenyewe wala hakumvua yeye, aliyemvua ni Hollis. Hollis alicheka mpaka akashikilia nguzo.

Hollis Tatum alikuwa shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe Lurleen, na jirani yake wa upande wa mto. Mimi naitwa Arlette, nafua mashuka kwenye hoteli ya barabara kuu, na ngazi ya mlango wangu wa nyuma inatazama yadi za wote wawili. Sikuhitaji televisheni. Hollis alikuwa na mdomo. Angeweza kumtania mchungaji msibani na mchungaji akacheka. Delbert alikuwa na kichwa. Alikumbuka nani alisema nini, mwaka gani, na alidanganya kwa sababu gani. Mmoja bila mwenzake alikuwa nusu mtu.

Kati ya trela zao kuna uzio mfupi wa mbao. Lurleen, enzi za uhai wake, alichoka kuzunguka na vikombe kutoka kwa mume kwenda kwa kaka, akapigilia ubao mpana juu ya nguzo mbili, ukawa meza. Alipokufa, ubao ulibaki. Kila asubuhi Delbert alikaa huku, Hollis kule, kahawa katikati, na kazi ya kwanza ilikuwa sukari. Hollis aliugua kisukari, mikono ilimtetemeka na macho yalikuwa na ukungu, kwa hiyo Delbert ndiye aliyemchoma kidole na kumsomea namba.

"Imefika ngapi leo, shemeji?"

"Juu. Ulikula nini jana?"

"Hewa."

"Hewa yenye krimu juu yake?"

"Lurleen angekuwepo angeniacha nile kwa raha zangu."

"Lurleen angekuwepo angekupiga mwiko wa kichwa. Lete mguu."

Baada ya kidole ilikuwa zamu ya mguu. Hollis hakuzihisi nyayo zake tena, na kitambi hakikumruhusu kuinama azitazame. Aliupitisha mguu chini ya ubao, kwenye pengo la uzio, na Delbert akaukagua huku na huku kama alivyokuwa akikagua matairi ya basi kabla ya kwenda kuchukua watoto. Akimaliza anaupiga kofi. "Haya, barabarani." Ndipo wakaanza kusengenya mji, na mimi kwenye ngazi yangu nikawa nachangia pale nilipoona wanapunguza chumvi.

Ardhi tunayokaa si yetu. Trela ni zetu, ardhi ni ya mji, tumepanga tangu enzi za wazazi wetu. Na trela zenyewe zina magurudumu kwa jina tu. Ukijaribu kuivuta ya Delbert, sakafu itabaki hapa Tarpon Creek na paa litaanguka njiani. Kwa hiyo baraza la mji lilipoleta wazo la kuuza ukingo wote wa mto kwa watu wa gati la boti za kitajiri, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Delbert aliniambia siku hiyo hiyo, bila kuficha: "Arlette, nikitolewa hapa nitapelekwa ghorofa ya wazee kule mjini, na Hollis atapelekwa kwa binti yake Alabama. Sitaki kitu kingine duniani. Nataka kufia kwenye ubao huu."

Vita vya kwanza tulishinda. Vilipangwa juu ya ubao ule ule, mbele ya macho yangu. Delbert alijua ni nani katika baraza aliyeahidi nini wakati wa kura, Hollis akazigeuza ahadi hizo kuwa mizaha ambayo mtu hawezi kuisahau, na sisi wengine tukajaza ukumbi mpaka watu wakasimama nje dirishani. Hollis alimwambia Meya mbele ya wote, "Randall, mama yako alikuzalia kwenye trela namba nane. Unataka kuegesha boti juu ya kitovu chako?" Ukumbi ulilipuka. Baraza likaahirisha. Tuliporudi tulikaanga mkizi hadi mafuta yakaisha, tukala na uji mzito wa mahindi wenye jibini, na kila mtu alijiona jemadari.

Lakini wahenga walisema hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi. Sisi wa mto huu tunamjua samaki huyo. Akikasirika anaruka, na akiruka anaangukia ndani ya boti mwenyewe. Meya Randall Spivey alikulia hapa, alijua hivyo kuliko sisi. Ni mtu wa meno mengi, anayekumbuka jina la mbwa wako. Wiki chache baadaye alisimama kanisani baada ya ibada akasema amesikia kilio chetu, kwa hiyo anaunda kamati ya ushauri ya wananchi kuhusu ukingo wa mto, na miongoni mwa wajumbe wake watano watakuwamo Bwana Hollis Tatum, Bwana Delbert Yancey na Bi Maybelle Pruitt wa duka la chambo. Wawili waliobaki walikuwa watu wake: daktari wa meno, na Gant, dalali wa nyumba.

Tulipiga makofi! Mimi pia nilipiga. Watatu kati ya watano, nani asingepiga? Hollis peke yake alikuna kidevu.

"Delbert, huyu mtu hajawahi kunipa hata njugu," alisema kesho yake ubaoni.

"Ametambua nguvu yetu."

"Nguvu yetu ni kelele, shemeji. Kwa nini anatununulia viti?"

"Kwa sababu ndiyo demokrasia inavyokwenda, Hollis. Kunywa kahawa."

Mkutano wa kwanza nilikwenda. Mezani kulikuwa na vibao vya majina, na Delbert alipoona chake alikifuta kwa ukingo wa shati, akakiweka sawa, akakifuta tena. Maisha yake yote jina lake lilikuwa kwenye mfuko wa shati la kazi. Sasa lilikuwa la dhahabu juu ya mti mweusi, na nilimwona akinyooka mgongo. Kama kuna kitu kilichomponza, ni kile kibao.

Kisha akasimama mwanasheria wa mji, Bi Kessler, mwanamke wa sauti laini na viatu vya kisigino. Alisema kuna sheria ya jimbo ya mikutano ya wazi, ambayo sisi wote tunaiita Sheria ya Jua kwa kuwa inataka mambo ya umma yafanyike mwangani, na wajumbe wanapaswa kuielewa.

"Hiyo si ya baraza?" Delbert aliuliza. "Sisi si serikali, mama. Sisi tunatoa ushauri tu."

"Ni yenu pia, Bwana Yancey. Mkiwa wawili tu, mkazungumzia jambo litakalokuja mbele ya kamati, huo tayari ni mkutano. Lazima utangazwe mapema, milango iwe wazi kwa umma, na muhtasari uandikwe. Simu, barua, uani, popote."

"Na kama sisi ni watu wa kukusanya habari tu?" Hollis aliuliza. Ninyi mlidhani ni mcheshi tu, lakini hakuwa mpumbavu.

"Kamati ya kukusanya habari tu haibanwi. Yenu imepewa kazi ya kupima na kupendekeza, kwa hiyo inabanwa." Alitabasamu. "Bwana Meya aliiandika hivyo kwa heshima yenu. Wala msitume mtu wa kati kupelekeana maneno." Hapo watu kadhaa waligeuka kunitazama, wana haramu. "Adhabu ni faini. Kwa anayejua na bado akakusudia, hata jela."

Masharubu ya Delbert yalicheza. Nilimwona yule samaki mfupi akirudi usoni pake.

Hollis akapiga meza kwa kiganja. "Kwa hiyo jana mimi na shemeji yangu tuliweza kupanga tukaujaza ukumbi huu, na leo, kwa kuwa mmetupa heshima, tukipanga tunafungwa?"

"Nisingeliweka hivyo," alisema Bi Kessler.

"Najua usingeliweka hivyo, mama. Umelipwa usiliweke hivyo."

Watu walicheka. Meya, aliyekaa nyuma kabisa kama mgeni, alicheka kuliko wote.

Delbert alinyoosha mkono kama mtoto wa shule. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nina swali. Mimi humpima shemeji yangu sukari kila asubuhi, uzioni. Je, naruhusiwa?"

Sasa hapo, kama yule mwanamke angekuwa na utu wa kutosha kujaza kijiko cha chai, angesema ndiyo, bila shaka, mpime, mbusu ukitaka. Sheria ndivyo isemavyo. Lakini mwanasheria hapendi kutoa jibu linaloweza kumrudia. "Mradi hamzungumzii mambo ya kamati," alisema. "Ila ningekushauri uwe mwangalifu sana."

Na Gant, dalali, akainama kwenye kipaza sauti akicheka. "Tatizo ni moja tu, mzee. Nani atashuhudia kwamba mliongea sukari peke yake?"

Asubuhi iliyofuata Hollis alikuja uzioni na kikombe chake. Delbert alikuwa ameshafika, lakini mkononi alikuwa na msumeno.

"Unafanya nini, we mwanamume?"

"Rudi nyuma kidogo, Hollis, usije ukaumia."

"Huo ni ubao wa dada yangu!"

"Ndiyo maana nitautunza." Alikata upande mmoja, akakata upande wa pili, kwa uangalifu wa fundi, bila kumtazama mwenzake. "Kamati ikimaliza kazi nitaurudisha. Naapa."

"Nani alisema usinipe kahawa? Kahawa imekuwa haramu?"

"Kahawa inaanza kahawa, inaishia kamati. Tunajuana, Hollis. Wewe huwezi kukaa dakika tano bila kumtaja Randall Spivey."

"Nitanyamaza. Chukua kidole tu."

"Na mtu akiapa mahakamani kwamba alituona?"

"Mtu gani? Arlette?"

"Mimi nitaapa kwamba mnajadili matako ya Gant!" nilipiga kelele kutoka kwenye ngazi. Hollis alicheka. Delbert aliingia ndani na ubao kwapani, akafunga mlango.

Nilijitolea kumpima Hollis mimi, naye akakataa katakata, ati mkono wangu ni wa kukamua mashuka. Ukweli ni kwamba alikuwa anamsubiri Delbert. Kila asubuhi, nikiwa natoka kwenda kazini, nilimkuta ameketi upande wake wa uzio akigonga kikombe kwa kijiko, ng'a ng'a ng'a, ndivyo walivyokuwa wakiitana tangu zamani. Pazia la Delbert lilitikisika, mlango haukufunguka. Moyo ukanichemka. Nilikwenda mwenyewe kwa karani wa mji, nikamuuliza, akacheka mpaka akatoa machozi. "Wanaweza kuongea chochote isipokuwa ile ardhi! Sukari, mpira, wanawake!" Nikakimbia na habari hiyo kwa Delbert.

"Karani si mwanasheria," alisema kupitia wavu wa mlango.

"Delbert, nilimsikia Meya hotelini, nilikuwa napita na gari la mashuka. Alimwambia Gant, ukitaka kumnyamazisha mtu, mpe cheo. Nilisikia kwa masikio haya."

"Hata ikiwa kweli, sheria ni sheria."

"Basi jiuzulu! Jiuzuluni wote, mrudi kupiga kelele!"

"Na nani atakaa kwenye kile kiti? Mtu wao?" Kisha akasema lile lililomtoka moyoni. "Arlette, kuna jina langu pale."

Hollis alikuwa ameshafikiri hivyo hivyo. Jumamosi moja alisimama uzioni akapaza sauti: "Delbert! Tujiuzulu, wewe na mimi na Maybelle!" Na Delbert, aliyekuwa akianika soksi, aliziba masikio kwa mikono miwili akakimbilia ndani, kwa sababu hilo lilikuwa jambo la kamati, na limesemwa bila tangazo. Soksi moja ilibaki begani.

Mikutano yenyewe ikaanza kuahirishwa. Mara kiyoyozi kimeharibika, mara karani anaumwa, mara kimbunga kiko baharini ingawa kilikwenda kupiga kwingine. Na wakati huo vijana wa Gant walikuwa wakipita trela moja hadi nyingine, kila mwenye nyumba peke yake mezani kwake, wakimwambia kwamba jirani yake ameshakubali kuondoka. Zamani uongo kama huo ungefika ubaoni kabla kahawa haijapoa, Delbert angeuchambua, na Hollis angeutungia kichekesho. Sasa haukuwa na pa kufika. Akina Dupree walisaini kuondoka. Mzee wa kona akasaini. Maybelle Pruitt akawa haniongeleshi hata mimi, akiogopa kwamba mimi ni mtu wa kati.

Kisha ikaja ile jioni. Mkutano wa kamati ulikuwa umetangazwa kwa kesho yake. Nilikuwa kwenye ngazi nimeweka miguu kwenye beseni. Hollis alitoka nyuma ya trela yake akishikilia ukuta, akafika uzioni kwa shida, na akagonga kikombe. Ng'a ng'a ng'a. Delbert alikuwa yadini kwake, hakuwa na pazia la kujificha.

"Shemeji," Hollis aliita. Hakukuwa na mzaha hata punje. "Njoo unitazame…"

Delbert aliangaza huku na huku. Akaiendea mashine ya kukatia majani iliyoegemea banda, akavuta kamba. Haikuwaka. Akavuta tena. Mara ya tatu ikawaka, ikanguruma, naye akaanza kuisukuma kwenye yadi ya mchanga isiyo na jani moja, akienda na kurudi, na kichwa amekiinamisha. Nilimwona Hollis akifumbua na kufumba mdomo. Aliunyanyua mguu kidogo, akauelekeza kwenye lile pengo la uzio, kama walivyozoea. Delbert akageuza mashine akarudi upande wa pili. Vumbi liliwafunika wote wawili. Nilidhani wanafanya vitimbi vyao vya kawaida, nikacheka, nikaingia ndani kupika.

Hollis hakufika mkutanoni. Baada ya siku kadhaa niliusikia uvundo kupitia dirishani, nikaenda kugonga, nikamkuta kwenye kiti chake cha kuegemea akiongea na Lurleen. Alikuwa amekanyaga msumari uliodondoka kutoka kwenye uzio, tangu lini hajui, na mguu umekuwa mweusi hadi kwenye kifundo. Niliita gari la wagonjwa. Walipokuwa wanamtoa, Delbert alikuja mbio na kandambili moja.

"Ana nini? Ana nini?"

"Alitaka umtazame mguu," nilisema. "Ile jioni. Mguu tu, Delbert."

"Nilidhani ni habari ya kura." Aliishika machela, wahudumu wakamsogeza kando. "Kesho yake kulikuwa na mkutano. Nilidhani ni kura."

Mwingine angemwambia neno la kumfariji. Sikuwa nalo, na nililokuwa nalo nilimwambia: "Ulimkatia majani mchangani, pumbavu wewe."

Walimkata mguu chini ya goti. Hakutaka kuonana na mtu. Binti yake alikuja na gari akampeleka Alabama, na kwa kuwa si mkazi tena, kiti chake kikawa wazi na kikabaki wazi.

Sasa sikilizeni namna dunia inavyojua kumdhihaki mtu. Mkutano wa mwisho wa kamati, Delbert alisimama akazungumza. Hakuwa na mdomo wa Hollis, alisoma kwa sauti kavu kama anayesoma vituo vya basi, lakini kila alichosema kilikuwa kweli, na mwisho wake yule daktari wa meno, ambaye hakuna aliyemtarajia, alikohoa akasema dhamiri yake inamsumbua. Kura zikawa tatu kwa moja. Kamati ikapendekeza ardhi isiuzwe. Bila siri, milango wazi, muhtasari umeandikwa. Delbert aligeuka kunitafuta ukumbini, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayesema, unaona? Alitoka nje akasimama kando ya barabara akilia.

Mwezi uliofuata pendekezo lilifika barazani. Meya alilishika mkononi, akawashukuru wajumbe kwa moyo wao wa kujitolea, akawaita mmoja mmoja wapigiwe makofi. Kisha akasema kwamba, kama jina la kamati linavyoeleza, huu ni ushauri, na baraza halilazimiki kuufuata. Wakapiga kura. Ardhi ikauzwa kabla sijapata kukaa vizuri kitini.

Delbert alibaki amesimama. "Lakini tulifuata sheria," alisema.

"Kikamilifu, Bwana Yancey," alisema Bi Kessler kwa ile sauti yake laini. "Mmekuwa mfano mzuri."

Ndiyo hivyo. Walipotaka kutunyamazisha, tulikuwa serikali. Walipotakiwa kutusikiliza, tulikuwa washauri. Kile kibao cha jina walimpa Delbert aende nacho nyumbani, na karani akamfungia kwenye karatasi nzuri.

Alinijia asubuhi moja akiwa amenyoa, ameshika chupa ya kahawa na ule ubao. "Kamati imevunjwa," alisema. "Naweza kuongea naye. Nisindikize, Arlette. Peke yangu siwezi." Nikaenda, si kwa huruma, nilitaka kumwona Hollis.

Binti yake alikuwa amemweka kwenye nyumba ya wagonjwa, chumba chenye dirisha linalotazama maegesho ya magari. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, amekonda hadi shingo imelegea. Alitutazama tukiingia, na macho yale yenye ukungu yakamtambua Delbert kwa umbo.

"Shemeji," Delbert alisema, "kwisha. Kamati haipo. Tena hapa ni Alabama, Sheria ya Jua haifiki. Tunaweza kuongea chochote."

Hollis alisema polepole, "Umebandika tangazo?"

"Hollis…"

"Milango iko wazi? Nani anaandika muhtasari? Arlette?"

Nilicheka. Nilicheka kwa furaha, maana nilidhani ni yeye, yule yule wetu, amerudi. Delbert naye akacheka, machozi yakimtoka, akaulaza ubao wa Lurleen juu ya mikono ya kile kiti, ukakaa sawasawa. Akamimina kahawa vikombe viwili. Akatoa kipimo mfukoni, akanyoosha mkono kama alivyozoea.

"Imefika ngapi leo, shemeji? Lete kidole."

Hollis aliuvuta mkono wake akauficha chini ya blanketi. Akageuza uso dirishani, akajaza pumzi, akatoa mlio kooni, mfupi, ukakatika. Akatoa tena. Ilikuwa kamba ya mashine ya majani inayovutwa. Mara ya tatu mashine ikawaka, na Hollis akaanza kunguruma, midomo ikitetemeka na mate yakimtoka, mfululizo, akipumzika kuvuta pumzi tu kisha akianza upya.

"Nisamehe," Delbert alisema. Mngurumo ukapanda. "Hollis, nilidhani ni kura." Ukapanda zaidi. Kila Delbert alipofumbua mdomo mashine iliongezwa moto, na alipofumba ilishuka ikabaki ikiunguruma chini chini, ikimngoja. Muuguzi alichungulia mlangoni akauliza kama mzee ana maumivu. Kahawa ilipoa kwenye ubao, ikafanya utando juu.

Mwishowe nilimwaga kahawa ya vikombe kwenye sinki, nikamshika Delbert mkono. Alitaka kuuacha ubao. Hollis aliusukuma kwa kiganja, ukaanguka sakafuni, bila kuacha kunguruma. Kwa hiyo tulirudi nao kwenye kiti cha nyuma cha gari.

Delbert aliendesha chini ya kasi iliyoandikwa njia nzima. Tulipofika kwenye alama ya kusimama ya mwisho kabla ya mto alisimama kabisa, akatazama kushoto, akatazama kulia. Ng'ambo ya barabara trela ya Hollis ilikuwa imeshabomolewa, na tingatinga lilikuwa limeegeshwa pale uzio ulipokuwa. Barabara ilikuwa tupu.

"Nenda basi, Delbert," nilisema. "Hakuna gari."

Hakuondoka mpaka lori lililokuja nyuma yetu likapiga honi.